Mama Mkwe wa Daktari Gidudu

Wapo madaktari wanaoanza kuandika dawa kabla mgonjwa hajapata pa kukaa. Gidudu wa Nabuyonga, mjini Mbale, hakuwa wa aina hiyo, na wenye haraka zao walimchukia kwa hilo. Ukiingia kwake na kikohozi, atakuuliza unalala wapi, na nani, na kama dirisha linafunguka au limepigiliwa misumari. Ukienda na tumbo, atataka kujua nani anapika nyumbani na kama mnasemezana na huyo mpishi. Benchi la nje lilijaa watu wanaonung'unika, na Beldina, muuguzi wake, alikuwa amechoka kuwaomba wavumilie. Lakini waliovumilia walirudi, wakaja na mama zao. Gidudu alipenda kusema kwamba mwili hauji kliniki peke yake, unakuja na nyumba nzima mgongoni. Aliyasema hayo mara nyingi mno, hata Beldina akawa anaweza kumalizia.

Nangobi alifika hapo mwaka wa tisini na moja, mjane wa miezi mitatu, presha imepanda kiasi cha kumtisha Beldina. Mumewe, Sajini Yekosofati, alikuwa askari wa magereza. Alikufa kwa homa ya wiki moja, na barua ya kumtaka mjane ahame nyumba ya kambi ilifika wageni wa matanga wakiwa bado wanakula. Kwao Nangobi ni Busoga, upande wa Jinja, lakini miaka ishirini ya kambini ilikuwa imemzoesha kuishi kwa Kiswahili, kile cha askari, kisichojali ngeli wala nini. Gidudu naye, Mgisu wa hapo hapo Mbale, alikulia Bungoma ng'ambo ya mpaka, wazazi wake walikokimbilia enzi za vita. Watu wengi wa mji ule wakisikia Kiswahili hukumbuka bunduki. Hawa wawili walielewana kwacho tangu siku ya kwanza.

"Afande Musawo," alisema Nangobi, akiunganisha heshima ya kambini na jina ambalo watu wa kwao humwitia daktari, "mimi hapana lala. Kichwa inapiga ngoma."

Gidudu alimpa vidonge, kisha saa kumi akafunga kliniki akaenda naye hadi kambini kuiona hiyo nyumba anayofukuzwa. Hazikupita wiki mbili akawa amempatia vyumba viwili Namakwekwe, kwa mgonjwa wake mwingine, penye baraza pana la kuweka cherehani. Nangobi akaanza kushona sare za shule, na presha ikashuka. Kwenye daftari la matibabu Gidudu aliandika: "Nyumba imepatikana," chini kabisa, baada ya majina ya dawa.

Tangu hapo kila Jumatano jioni alipita Namakwekwe. Alimpima presha, akanywa chai, akala alichokuta. Nangobi alimweleza mambo ambayo mwanamke hamwelezi mtu. Baada ya miaka minne Gidudu alijua kwamba mama huyu huogopa radi. Alijua kwamba alizika watoto watatu na bado huwahesabu anapotaja wanawe. Alijua kwamba Sajini alimpiga mara moja tu katika maisha yao, na kwamba Nangobi husema amemsamehe lakini hajamsamehe. Akimtazama tu anavyoweka kikombe mezani, alijua presha imesimama wapi. Hakuwa na mgonjwa aliyemjua kuliko huyo, na tuseme ukweli, alijivunia.

Mtoto aliyebaki alikuwa Namwase, mwalimu wa darasa la tatu, binti mwenye maneno machache na kicheko kinachochelewa. Jumatano alirudi mapema. Daktari aliyewauliza watu wote maswali yote hakujiuliza kwa nini Jumatano zimeanza kuwa ndefu, mpaka Beldina alipomwambia peupe kwamba presha ya mgonjwa mmoja haipimwi kwa saa tatu.

Basi Jumatano moja ya mwaka wa tisini na tano, Gidudu alivaa shati la Jumapili, akapiga moyo konde, akaenda kuposa. Kwa kawaida mtu hutuma wazee, lakini yeye aliona hawezi kumfanyia Nangobi mambo ya kuzungukazunguka. Alikuta nyumba imefagiliwa hadi nje, Namwase ametumwa sokoni, na mlango wa chumbani uko wazi, kitanda kimetandikwa shuka mpya nyeupe. Akadhani mama amekwisha kunusa habari na amejipanga kumpokea.

"Afande Musawo, kaa," Nangobi alisema. "Leo mimi iko na neno."

"Hata mimi nina neno, mama. Niruhusu nianze, la sivyo nitaogopa."

Nangobi akacheka, akampa nafasi. Gidudu akasema lake lote kwa pumzi moja. Mama aliangalia cherehani, mikono imelala mapajani. Kisha akainuka akaenda kuufunga mlango wa chumbani, taratibu, akarudi na macho yamelowa.

"Namwase anajua?"

"Anajua. Amesema nikuulize wewe."

"Ndiyo maana anaimba kwa jiko," alisema Nangobi. "Sawa. Peleka barua kwa watu ya baba yake."

"Na neno lako, mama?"

"Langu ilikuwa kitu kidogo. Imekwisha."

Desemba ukweni Jinja kulijaa watu. Kwanjula, siku ya mchumba kujitambulisha kwa wazazi wa binti, ilifanyika kwa ndugu za marehemu Yekosofati, na msimamizi alikuwa Shangazi Docus, dada yake Sajini, mwanamke mwenye sauti ya kuamrisha gwaride. Vikapu vilipokelewa, mbuzi wakafungwa nyuma ya nyumba, watu wakala wakashiba. Gidudu alipoona Nangobi amesimama mlangoni, alinyanyuka kwenda kumshika mkono kama alivyozoea. Shangazi Docus akajipenyeza katikati yao.

"Simama hapo hapo," alisema. "Kutoka leo huyu hapana mgonjwa yako. Ni mama mkwe. Mkono yako isimguse. Chumba yake usiingie. Mwili yake usione. Ukimgusa, obuko itakushika, mikono itatetemeka mpaka siku ya kaburi."

Gidudu alicheka kwa adabu. Haya ya mama mkwe aliijua, hata Bugisu ipo. "Sawa, shangazi. Lakini mimi ni daktari wake."

"Hiyo ungefikiri kabla ya kuleta mbuzi," alisema Docus, na wanawake wote wakaangua kicheko.

Nangobi alikuwa amekwisha kuvuta kanga usoni na kurudi nyuma ya mlango. Kicheko chake ndicho kilichosikika zaidi ya vyote, na Gidudu, kwa furaha ya siku ile, hakuona kwamba amempoteza mgonjwa wake.

Baada ya harusi Gidudu na Namwase walipanga nyumba Nabuyonga karibu na kliniki, naye Gidudu akaendelea na Jumatano zake Namakwekwe. Aliwekewa kiti uani, chini ya dirisha. Nangobi alikaa ndani, nyuma ya pazia, cherehani ikinguruma. Presha ilikuja kupimwa na Beldina, aliyemkunjia mkono wa gauni, akasukuma pampu, akasoma namba, akaenda zake. Kisha mkwe na mama mkwe walizungumza kupitia dirishani, na mazungumzo yalikuwa matamu. Nangobi alimtania kwamba amenenepa, akamuuliza kama Namwase bado anaunguza maharage. Gidudu aliuliza maswali yake yote ya zamani.

"Mama, unalala?"

"Nalala, mwanangu."

"Unakula?"

"Nakula mpaka naona haya."

"Hakuna kinachouma?"

"Mimi iko mzima kabisa. Angalia watu yako."

Akaondoka ameridhika. Hapa ndipo mtu anapotamani kumshika bega amtikise. Mama mkwe halalamiki kwa mkwe wake. Halali vibaya, haharishi, hana kidonda, hana mwili kabisa. Ukimuuliza hali, atakujibu heri hata kama anazama. Gidudu alilijua hilo, maana hata mama yake mwenyewe aliwajibu hivyo wakwe zake wote. Lakini aliamini kwamba yeye na Nangobi wako nje ya mambo hayo, kwamba miaka minne ya chai na siri haiwezi kufutwa na vikapu vya kwanjula. Alidhani sauti peke yake itamwambia. Huyo ndiye bingwa wa kusikiliza, na kwa miaka miwili alisikiliza adabu akaiita afya.

Haikuwa kwamba hakufanya kitu. Mara mbili alimwomba aende kwa daktari mwingine, mzee mmoja mpole wa mjini. Mara ya kwanza Nangobi aliahidi asiende. Mara ya pili alikwenda, akarudi chini ya saa moja.

"Yule hajui hata jina ya mzee wangu," alisema kutoka nyuma ya pazia. "Ameuliza, nini inauma? Basi. Mimi nitamwambia nini mtu hanijui?"

Gidudu alicheka. Ndani kabisa alifurahi kidogo, na furaha ile ndiyo iliyokuja kumtafuna baadaye kuliko mambo mengine yote.

Mtoto wao wa kwanza, Emma, alizaliwa mwanzoni mwa mwaka wa tisini na saba. Mwezi wa kumi, siku ya Alhamisi, Namwase alimpeleka kwa bibi yake. Emma alikuwa ameanza kujivuta kwenye nguo za watu. Akawekwa mapajani kwa bibi, akaruka, akamwangukia kifuani kwa mikono miwili. Nangobi alipiga ukelele ambao majirani waliusikia.

Namwase alimng'oa mtoto, kisha akamfungua mama yake vifungo kwa nguvu, mama akimzuia, wakivutana kama watoto. Chini ya gauni alikuta kitambaa kipana kilichozungushwa kifua, kimeshonwa kwa vipande vya khaki na bluu, mabaki ya sare za shule, safu juu ya safu, kwa mshono mzuri. Upande wa kushoto kilikuwa kimelowa. Dawa ya kuchua iliyopakwa juu yake haikutosha kuficha harufu.

Gidudu alikuwa akimpima mgonjwa mmoja wakati Namwase alipoingia kliniki bila kubisha, mtoto mgongoni. Aliposikia, alitoka kama alivyo, na koti lake jeupe, akaenda Namakwekwe kwa miguu huku watu wakimsalimia na yeye asiwajibu. Alifika hadi kizingitini. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani.

"Mama, fungua."

"Kaa kwa kiti yako, mwanangu."

"Fungua niangalie. Nakuomba."

"Kaa."

Akakaa. Namwase alifika nyuma yake akihema, akasimama kando ya karo na mtoto. Pazia halikutikisika.

"Tangu lini?" aliuliza Gidudu.

Nangobi alijibu kutoka ndani. "Unakumbuka siku ulikuja na shati ya Jumapili?"

"Nakumbuka."

"Ilikuwa kidogo kama harage. Mimi niliweka shuka mpya, nikasema leo Musawo ataangalia. Neno yangu ilikuwa hiyo."

Gidudu aligeuza kiti kuelekea dirishani.

"Ukaanza wewe," aliendelea Nangobi. "Ukasema unataka mtoto yangu. Sasa mimi nifanye nini? Nikuonyeshe mwili, halafu kesho uoe Namwase? Mtu ameona kifua ya mama ataoa mtoto? Docus angekataa. Mimi mwenyewe ningekataa. Na huyu msichana, tangu baba yake kufa alikuwa hajaimba. Wiki hiyo alikuwa anaimba. Nikaenda nikafunga mlango."

"Ungesema baadaye. Ungemwambia Namwase, ungemwambia Beldina!"

"Nikasema harusi ipite. Ikapita. Nikasema mtoto azaliwe. Halafu ikaanza kunuka, nikaona haya. Na daktari ingine hanijui. Wewe ulinifundisha hivyo, ati daktari ni mtu anakujua."

Alisema hayo bila uchungu wowote, kwa sauti ya mtu anayeeleza njia ya kwenda sokoni. Gidudu aliinamisha kichwa hadi magotini akalia pale uani, mbele ya majirani, na hakujali. Aliposhusha pumzi alijaribu tena.

"Mama, mimi siamini mambo ya obuko. Niache niingie."

"Wewe huamini, mimi naamini. Mkono yako ni ya watu mingi. Ikianza kutetemeka sababu ya mimi, nani atawashika hawa akina mama ya Namatala wanakuja kwako kuzaa? Hapana. Nipeleke kwa mwanamke."

Namwase alikuwa amesikia yote. Hakulia. Alikuwa akimtikisa mtoto aliyekwisha kulala muda mrefu.

Jinja alikuwako daktari mwanamke, Akello, mwenye mikono mikubwa na subira. Wakampeleka kupitia Tororo na Bugiri, Nangobi na Namwase nyuma, Gidudu mbele karibu na dereva, akiwa haruhusiwi kugeuka. Akello alimpima kwa saa nzima. Alipotoka alimkuta Gidudu amesimama ukutani, akamwambia kwa Kiingereza kile ambacho madaktari huambiana, kisha akaona uso wake, akarudia kwa Kiswahili pole pole.

"Saratani imeingia kwenye mifupa na kwenye pafu. Kampala wana mashine, lakini mimi singemchosha mama na safari. Tuondoe maumivu, tusafishe kidonda. Basi."

"Muda gani?"

"Unajua kama mimi."

Hawakumrudisha Mbale. Shangazi Docus alimpokea nyumbani kwake Walukuba, akampa chumba chake mwenyewe, yeye akahamia kwenye mkeka sebuleni, na kwa mara ya kwanza hakumwamrisha mtu. Kila Ijumaa Gidudu alifunga kliniki mchana akashuka Jinja, akabaki hadi Jumapili. Benchi la Nabuyonga lilinung'unika, safari hii kwa haki.

Kazi ngumu ilikuwa kubadilisha vitambaa vya kidonda. Muuguzi aliyetumwa na Akello alikuja mara mbili kwa wiki. Siku nyingine alibaki Namwase, ambaye katika maisha yake hajawahi kufunga hata kidole kilichokatwa. Mlango wa chumba uliachwa wazi nusu. Gidudu aliketi nje kwenye korido, mgongo kwenye ukuta, asione kitu, akimwelekeza mkewe kwa sauti.

"Maji ya chumvi yamepoa? Loanisha kwanza, usivute. Subiri kiachie chenyewe."

"Kimeshika."

"Ongeza maji. Sasa anzia katikati uende nje. Rangi gani?"

"Nyeusi pembeni. Katikati..."

"Pumua. Mwambie mama apumue pia. Damu?"

"Kidogo."

"Bonyeza na pamba safi. Hesabu hadi mia."

Akamsikia mkewe akihesabu, na chini ya hesabu akamsikia Nangobi akiguna kwa meno yaliyofungwa, maana hakutaka mkwe amsikie akilia. Gidudu alikuwa ameshika vidonda vya watu wasio na idadi, vya askari, vya wafungwa, vya watoto walioungua, na huyu aliyempenda kuliko wote alimtibu kama mtu anayemwongoza kipofu kuvuka barabara kwa kupiga kelele kutoka ng'ambo.

Jumamosi moja ya Januari, mchana wa jua kali, damu haikutaka kusimama. Namwase alihesabu mia, akahesabu mia nyingine. Pamba zikamwishia. "Inatoka!" alipiga kelele. "Inatoka, sijui, sijui nifanye nini, ingia! Wewe ni daktari au nini? Ingia!"

Gidudu aliingia. Hatua nne tu kutoka koridoni hadi kitandani, na baada ya miaka miwili akamwona. Alikuwa mdogo. Mabega yamebaki mifupa, na nywele, ambazo alizizoea chini ya kitambaa, zilikuwa nyeupe zote. Alimpokonya Namwase kitambaa akabonyeza pale panapostahili, kwa nguvu inayostahili, na baada ya muda si mrefu damu ikapungua, ikasimama. Mikono yake ilifanya kazi vizuri. Akafunga bandeji mpya, akamfunika shuka hadi shingoni. Hapo ndipo alipothubutu kumtazama usoni, akitarajia, Mungu amsamehe, kuona shukrani.

Nangobi alikuwa ameelekea ukutani. Machozi yalikuwa yakimteremka puani na yeye hayafuti.

"Mama, imesimama."

"Umeingia," alisema.

"Ungekufa."

"Nilikuwa nakufa. Miaka mbili mimi nakufa ili usiingie." Alivuta pumzi kwa shida, mara mbili. "Sasa umeingia, umeona yote, umegusa. Basi nilinyamaza ya nini? Ningekuonyesha ile harage, nikapona. Mimi nimekufa bure, Musawo."

Ilikuwa mara ya kwanza tangu kwanjula kumwita jina hilo. Gidudu alipiga magoti kando ya kitanda. Alitaka kusema kwamba haikuwa bure, kwamba kuna Emma, kwamba Namwase ana nyumba, na maneno yote aliyaona ni ya kumfariji yeye mwenyewe.

"Nisamehe, mama."

"Toka, mwanangu. Nifunikie uso, halafu toka."

Akamfunika uso kwa kanga, akatoka. Shangazi Docus, aliyeona kila kitu kutoka mlangoni, alimpisha, akaingia, akapanda kitandani akamshika wifi yake. Gidudu alikaa koridoni hadi jioni. Hakuna aliyemwita tena.

Nangobi aliishi siku tano zaidi, akiongea na Docus na Namwase tu, na Alhamisi asubuhi akakata roho. Walimzika ukweni kwake, kando ya Sajini Yekosofati, amevikwa nguo ya magome kama desturi. Gidudu alitoa kila kinachotakiwa na mkwe kutoa. Alisimama mbali, kwenye kundi la wakwe, asione uso wala kaburi mpaka lilipojazwa. Watu waliotoka Mbale, akina mama wa Namatala na Namakwekwe aliowatibu, walimjia mmoja mmoja kumwambia kwamba mama yake yule alikuwa na bahati ya kuwa na daktari ndani ya familia. Aliwashukuru wote.

Obuko haukumpata. Wiki ya kwanza alirudi kazini akashona jeraha la paja, mishono kumi na miwili, sawa sawa kama uzi wa mashine. Beldina alimsifia. Yeye akaenda nyuma ya kliniki akanawa mikono mara ya pili.

Nyumbani Namwase alifanya kazi zote za nyumba kama kawaida. Alipika, alisahihisha madaftari ya darasa la tatu, alimwogesha mtoto. Kuimba hakuimba, na Gidudu hakutegemea. Ilikuwa Jumapili ya mwezi wa pili, baada ya chakula cha mchana, aliposukuma sahani kando na kuketi mkabala naye mezani, mikono imefumbatana, vile vile wagonjwa wa Nabuyonga wanavyoketi.

"Nataka kuuliza kitu," alisema. "Nauliza daktari. Usinijibu kama mume."

"Uliza."

"Siku ile ilikuwa kama harage. Kama ungekuja na mambo yako ya daktari tu, si ya kunioa, ukaangalia, ukampeleka akakatwa. Mama angepona?"

Gidudu alijua jibu. Alikuwa nalo tangu Oktoba, uani Namakwekwe. Uvimbe mdogo, mwanamke mwenye nguvu, safari ya saa mbili na nusu kwa gari hadi kwa daktari wa upasuaji. Wengi wao huishi. Katika miaka yote ya kazi hajawahi kumdanganya mgonjwa aliyemuuliza waziwazi, na aliwacheka madaktari wanaodanganya. Namwase alikuwa akimtazama bila kupepesa, na chini ya macho alikuwa na vivuli ambavyo havikuwepo mwaka jana. Akaona kwamba akisema ndiyo, mwanamke huyu ataamka kila asubuhi pembeni mwa sababu ya kifo cha mama yake, atampikia, atamzalia.

"Hapana," alisema. "Ugonjwa ule ulikuwa wa aina mbaya. Hata tungeukata siku ile, ungerudi. Asingepona."

Namwase alimwangalia bila hasira.

"Nilimuuliza daktari," alisema. "Aliyejibu ni mume."

Akainuka, akamtoa Emma kwenye mkeka, akaingia naye chumbani na kurudisha mlango. Gidudu alimsikia akilia, kwanza kwa kujizuia, halafu kwa sauti, mpaka mtoto naye akaanza kulia. Alibaki pale mezani, mbele ya sahani mbili zenye mabaki ya ndizi.